Yule wa dirisha la dawa leo kanitangaza mbele ya foleni nzima!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule wa dirishani. Mnamjua, msijifanye hamumjui. Kalamu sikioni, miwani puani, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Leo kanimaliza.

Nimempa karatasi ya daktari nimeikunja ikakunjika. Kaikunjua, kaisoma, halafu kwa sauti yake ile: "Dada, hizi ni za fangasi za ukeni, si ndiyo?" Foleni nzima kimya. Hata mtoto aliyekuwa analia tangu asubuhi alinyamaza ili asikie jibu.

Nikaitikia kwa kichwa. Haikumtosha. "Za UKENI?"

Jamani, karatasi imeandikwa kila kitu! Klotrimazoli miligramu 500, kidonge kimoja, kuweka ukeni usiku wakati wa kulala. Kuna kidonge cha kuweka ukeni kinachotibu jino? Si anipe niondoke? Wapi! Kafungua boksi, katoa kile kijiti cha plastiki cha kusukumia dawa, kakinyanyua juu kama refa anatoa kadi nyekundu, akaanza kufundisha. "Unalala chali, unakunja magoti, unasukuma hivi." HIVI! Na mkono anaonyesha! Mzee mmoja nyuma yangu alikuwa anafuatilia somo kuliko mimi mwenye dawa. Nageuka niondoke, ananipigia la mgongoni: "Una mimba?"

Na watu wakaniangalia jicho lile mnalolijua. Mimi nimetoka kumaliza dozi ya antibiotiki ya kifua! Antibiotiki inaua hadi bakteria walinzi wa huko, fangasi wanabaki wanatamba. Ndiyo habari yote. Kandida, ndio hao fangasi wenyewe, wanakaa kwenye miili ya watu wazima na afya zao, na wanawake 3 kati ya 4 yanawakuta angalau mara moja maishani. Kwa hiyo wale akina dada walionigeukia pale, wengi wao dawa hii wanaijua vizuri sana.

Maelezo nayataka, sikatai. Ila la maana hakulisema! Kwamba hizi dawa za kuweka zinaweza kudhoofisha kondomu nimelisoma mwenyewe kwenye kile kikaratasi cha ndani ya boksi. Yeye alilojua ni "za UKENI?" Bado linanivuma masikioni.

Kiroboto Sugu: Sina mbavu! Mzee wa watu kaenda kuchukua dawa ya presha kapata na semina.

Binti Pazia: Pole dada. Huyo huyo, naapa ni huyo huyo, mimi hakupiga kelele. Kanipa metronidazoli. Kwa fangasi! Hiyo ni ya bakteria na trikomonasi, kile kijidudu cha zinaa, fangasi haiwagusi. Nikameza dozi yote na muwasho uko pale pale, sikai wala silali.

Mleta mada: Pole mpenzi, ila tusitoke kwenye mada. Alinyanyua KIJITI. Juu.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, swali la mimba alipaswa kuliuliza. Flukonazoli, ile dawa ya fangasi ya kumeza, mjamzito hapewi, anapewa ya kuweka, tena siku 7. Na mtu anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ukimpa flukonazoli bila kumuuliza unaweza kumvujisha damu. Kosa lake ni sauti tu.

Mleta mada: Sauti TU?? Mama, ungekuwepo ungejificha chini ya benchi!

Bwana Harusi: Na sisi wanaume tuseme wapi? Nimeenda na wekundu wangu na muwasho, akacheka mbele za watu, "hizi si za kike hizi?" Kumbe wanaume nao wanapata, krimu ile ile ya klotrimazoli inatibu.

Kiroboto Sugu: Bwana Harusi, fungua uzi wako. Picha usiweke.

Chaurembo: Nyie mnalilia dirisha, mwenzenu fangasi zilikuwa zinarudi kila nikigeuka. Zikifika mara 3 kwa mwaka usiendelee kujinunulia kidonge kimoja kimoja, nenda upimwe. Nikachukuliwa kipimo, nikapimwa na sukari, nikaandikiwa flukonazoli miligramu 150, dozi za kuanzia halafu kimoja kila wiki miezi 6. Ila aliyeniudhi kupita wote ni shoga yangu aliyeniambia niweke kitunguu saumu. Nilitembea chumbani usiku kucha, mguu huku mguu kule, naungua.

Binti Pazia: Kitunguu saumu!! Mimi wifi yangu alisema mtindi. Mwingine siki. Hawa watu wanatutibu au wanatuunga?

Kiroboto Sugu: Mtindi ule wa vanila au wa kawaida?

Chaurembo: Toka hapa.

Mleta mada: Samahani, mimi nilikuwa naongelea yule wa dirishani...

Nesi Mstaafu: Msiweke vyakula huko, mnajichubua halafu mnakuja kulalamika dawa haifanyi kazi.

Bwana Harusi: Hivi mwandiko wa madaktari nani anaweza kuusoma? Kuna siku nilikuwa naumwa sikio, nikapewa ya macho.

Binti Pazia: Usiniambie! Ya macho ukaiweka wapi?

Kiroboto Sugu: Ngoja nivute kiti.