Postfix na Dovecot: Debian, AlmaLinux au Alpine?

fundi_mitambo: Wakuu, nahamishia seva ya barua pepe yenye akaunti kama 30 kwenye mashine mpya. Postfix (ya kutuma na kupokea barua) na Dovecot (ya kuzihifadhi na kuwapa watumiaji wazisome) tu, mengine baadaye. Niko njia panda kati ya distro (aina za Linux) tatu: Debian, AlmaLinux na Alpine. Ipi ina usumbufu mdogo?

kitufe: Debian, mkuu. `apt install postfix` inakuuliza aina ya seva, unachagua "Internet Site", unaandika jina la kikoa, huduma inawaka palepale. Raha, ila ujue imeshaanza kusikiliza kabla hujafungua `main.cf`, faili ya mipangilio yake. Dovecot yao imekatwa vipande: `dovecot-imapd`, `dovecot-lmtpd`, kila kimoja unakiomba chenyewe. Mimi nilisahau hicho cha LMTP, kinachopokea barua kutoka Postfix, nikashinda siku nzima naigombeza Postfix.

Bi_Terminali: AlmaLinux ni kinyume. Ukishasakinisha, hakiwaki kitu mpaka `systemctl enable --now postfix`, na hapo bado inasikiliza localhost (mashine yenyewe) peke yake. Unaipa `postconf -e 'inet_interfaces = all'`, unaizima na kuiwasha, kisha unafungua poti kwenye firewalld, ukuta wake wa moto. Halafu SELinux, ulinzi wa ziada juu ya ruhusa za kawaida za faili: ukiweka barua mahali pasipo pa kawaida, tuseme `/srv/vmail`, Dovecot itanyimwa ruhusa huku `ls -l` ikionyesha kila kitu kiko sawa. Msiizime jamani! Ipe folda lebo sahihi kwa `semanage fcontext`, kisha `restorecon`, yamekwisha.

kitufe: Kuizima... nami nimo 😅

mzee_wa_logi: Alpine ni nyepesi kweli, lakini inawasha huduma kwa OpenRC, na maelekezo mengi yameandikwa kwa systemd ya distro nyingine. Kwa akaunti 30 wepesi huo hutauona. Kubwa hamjaligusa: Debian 13 imekuja na Dovecot 2.4, na mipangilio ya 2.3 haikubaliki humo. Ukinakili `dovecot.conf` ya zamani ilivyo, haiwaki. Fundi, unayo toleo gani sasa?

fundi_mitambo: 2.3.16, mzee.

mzee_wa_logi: Basi AlmaLinux 9 bado iko kwenye 2.3. Faili zako zitahamia karibu zilivyo, kagua tu njia za vyeti. Ukitaka Debian 13, tenga jioni nzima ya kuandika upya. Ila kabla ya yote jaribu poti 25 ya kutoka (ya kupeleka barua kwa seva nyingine), watoa huduma wengi wa wingu huifunga.

fundi_mitambo: Nimejaribu sasa hivi. Imefungwa 🤦 Ngoja niwaandikie kwanza, distro itasubiri.