Ushauri jamani: binti anataka uuguzi, kati ya vyuo hivi viwili tumpeleke kipi?

MamaWawili
Habari zenu wakuu. Binti yangu amemaliza sekondari, baiolojia na kemia amefaulu vizuri, na hataki kusikia kozi nyingine isipokuwa uuguzi. Baba yake alitamani awe daktari, lakini hilo tumeshalimaliza nyumbani, mtoto tumemwachia. Shida sasa ni chuo. Amepata nafasi sehemu mbili. Kimoja kina jina kubwa, majengo mapya, kila kitu kinang'aa. Cha pili hakisikiki sana na majengo yamechakaa, ila kiko ndani ya uzio wa hospitali. Ndugu wote wanasema twende kwenye jina. Mimi roho inasita. Mnaoijua kazi hii, mzazi aangalie nini hasa?

ZamuYaUsiku
Hongera kwa kumwachia achague mwenyewe, mama. Mimi ni muuguzi. Anza na usajili, tena wa kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, kina kozi chungu nzima, lakini hiyo ya uuguzi ikawa haijatambuliwa na baraza la wauguzi. Mtoto anasoma mpaka anamaliza, akienda kuomba leseni anarudishwa. Karatasi iliyobandikwa ofisi ya udahili isikutoshe. Ingia kwenye orodha ya baraza lenyewe, utafute jina la chuo, jina la kozi na ngazi yake, cheti, stashahada au shahada. Angalia pia ithibati, yaani kibali cha kozi, inaisha lini.

MkufunziMstaafu
Nakubaliana na aliyetangulia. Baada ya hapo swali langu ni moja: watoto wanafanyia wapi mazoezi, na nani anawasimamia? Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, alipofungua shule yake ya wauguzi London mwaka 1860, aliiweka kwenye hospitali ya St Thomas', kwa sababu uuguzi hufundishwa penye mgonjwa. Mpaka leo sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka muuguzi asome saa zisizopungua 4,600, na angalau nusu yake iwe vitendo. Hata kama binti hatakanyaga Ulaya, ni kipimo kizuri. Muulize mkuu wa kozi saa za vitendo ni ngapi. Anayeijua kozi yake atakujibu papo hapo.

Kisha fanya hivi. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, umwombe kwa upole akuonyeshe kitabu chake cha mazoezi. Kila ujuzi una mstari wake: kuweka kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa), kuingiza mpira wa mkojo, kusafisha kidonda, kumpokea mtoto. Vitabu vingi hutenganisha alichoangalia tu, alichofanya akisimamiwa na alichofanya mwenyewe. Ukikuta sehemu ya kuangalia imejaa saini na zilizobaki ni tupu, umeshajua wanafundishwaje. Tazama na tarehe. Ukurasa mzima uliosainiwa siku moja, kalamu moja, maana yake hakuna aliyekuwa akimwangalia mtoto huyo wodini.

MwakaWaTatu
Shikamoo mama. Naomba niongeze upande wa pili, maana nasoma chuo kilichoungana na hospitali. Kuwa ndani ya uzio si dawa ya kila kitu. Kuna wodi wanafunzi wanageuzwa wafanyakazi wa bure: sukuma kitanda, peleka sampuli maabara, tandika mashuka, siku imeisha. Na kuna wodi zinazopokea wanafunzi wa vyuo vitatu kwa pamoja, mnazunguka kitanda kimoja hata mgonjwa humwoni. Kwa hiyo usiulize tu kama hospitali ipo. Uliza kundi moja la wodini lina wanafunzi wangapi, na kama mkufunzi wa chuo hufika au kazi yote wameachiwa wauguzi wa zamu ambao tayari wamezidiwa.

FundiMaabara
Ana uhakika ni uuguzi? Wengi wanataja uuguzi kwa sababu ndio wanaouona. Kuna maabara, famasia, mionzi, fiziotherapia. Akipata nafasi ya kushinda siku moja hospitalini aone kila kitengo, itamsaidia. Akirudi bado anasema uuguzi, msimguse.

MamaWawili
Asanteni sana. Marahaba mwanangu wa mwaka wa tatu. Nimeingia kwenye orodha ya baraza, kozi za vyuo vyote viwili zimo. Ila kile cha jina ithibati yake inaisha kabla binti hajamaliza. Ni tatizo? Halafu, akitaka siku moja kufanya kazi nje, jina la chuo litamsaidia?

ZamuYaUsiku
Ithibati huhuishwa, peke yake si sababu ya kukikimbia chuo. Lakini omba jibu la maandishi: wameshaanza kuihuisha, na ikikataliwa waliomo darasani watamalizia wapi? Wakizunguka kwenye jibu, mimi nisingempeleka.

Kuhusu nje, jina halitambeba. Marekani atafanya mtihani wa leseni uitwao NCLEX, Uingereza wana mtihani wa kompyuta na mwingine wa vitendo, unazunguka kituo hadi kituo ukitazamwa unavyofanya. Aliyezoea kushika mgonjwa ndiye anayetulia pale. Wanaokagua vyeti wanaweza pia kudai mchanganuo wa masomo na saa za vitendo, wodi za watu wazima, watoto, uzazi, afya ya akili. Uliza kama chuo huwapa wahitimu karatasi hiyo bila kuwasumbua.

MkufunziMstaafu
Mama, kwa uliyoeleza mimi naegemea kile cha hospitalini, mradi kitabu cha mazoezi kikuridhishe. Majengo hayamfundishi mtu kuchoma sindano.

Na chuo chochote mtakachochagua, msisahau chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kwa kawaida ni dozi 3 zinazochukua kama miezi 6, na wodini atakutana na damu na sindano mapema. Kama hakuchanjwa, aanze sasa akiwa bado nyumbani, na kadi aitunze, vyuo vingi huidai siku ya kuripoti.