MWIZI KAPEWA KITI, MIMI NIMEAMBIWA NIKAE CHINI!!! (Mabatini, Mwanza, alfajiri ya leo)

Mtoto wa Mawe:

Wakuu, naandika goti linavuja damu na simu ina chaji asilimia 11, herufi zikikosewa mnisamehe. Jina la mkuu wetu wa sungusungu, hawa walinzi wa mtaa, simtaji. Sina haja. Ukisema tu "yule wa koti la suti juu ya msuli", mtu yeyote wa huku mlimani keshajua, hata watoto wa chekechea wanamwigiza.

KITI, wakuu. Alimpa kiti.

Saa tisa kasoro usiku. Mimi simo hata kwenye zamu, zamu yangu ni Alhamisi, na buku mbili ya ulinzi nimeshalipa, risiti ninayo (ni kipande cha boksi la sigara lakini kina sahihi). Nasikia mama jirani anapiga yowe: "Mwiziiii! Mtungi wanguuu!" Sasa mimi ni Msukuma. Kwetu mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa huulizi leo zamu ya nani. Miguu ilishafika mlangoni, mimi mwenyewe bado nimelala.

Nje naona mtu anateremka mawe na mtungi wa gesi begani. Ule mkubwa, kilo 15, na hizo 15 ni gesi tupu, chuma chake hujakipima. Ninyi wa tambarare huko Nyakato hamuelewi ninachosema. Mawe ya Mabatini mchana kweupe tunayateremka kwa makalio. Huyu bwana anaruka jiwe hadi jiwe kama pimbi. Nikaunga nyuma. Tochi sina, rungu sina, kandambili sina. Nina kanga ya mke wangu kiunoni, na hilo nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu.

Nimemkimbiza kilometa arobaini. Haya, mita mia tatu, lakini za wima. Nikamdaka penye mtaro. Mtungi ukabiringika peke yake ukaenda kupiga bati la choo cha watu, nadhani hadi Ukerewe waliamka. Akaning'ata bega. Nikamkalia. Nina kilo 92, alitulia.

Hapo ndipo wakafika wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali. Wote nawajua, ni majirani, na hasira ilikuwa kali kweli. Mmoja kashika tofali. Mwingine, sijui kaitoa wapi saa tisa usiku, kabeba TAIRI. Nani alimlalia yule kijana kwa juu akasema atakayempiga aanze na mimi? Ni mimi. (Na mmoja alianza na mimi kweli, ngumi ya mgongo, namjua, tutaongea.) Nikawaambia jamani, sheria inaturuhusu raia kumkamata mtu tuliyemkuta anaiba, halafu tumkabidhi polisi bila kuchelewa, tairi haikutajwa. Wakanung'unika, wakaelewa. Tukamfunga mikono kwa kamba yangu ya kuanikia nguo, tukapanda naye hadi ofisi ya mtaa, mimi mbele, mtungi nyuma, mama mwenye mtungi anapiga vigelegele.

Ndipo akatokea. Yeye. Usiku kucha hajaonekana, firimbi ipo shingoni, ni pambo. Uso una alama za mto. Akamtazama kijana: raba nyeupe, kanyoa vizuri, shati la kola. Akanitazama mimi: kifua wazi, damu, kanga. Akavuta kile kiti cha plastiki cha bluu, kipo kimoja tu pale ofisini. Akakipangusa. AKAKIPANGUSA KWA MKONO WA KOTI. Akamwambia mwizi, "Karibu ukae, kijana."

Akanigeukia: "Na wewe kibaka, kaa chini. Mikono kichwani."

Watu zaidi ya thelathini. Wote kicheko. Mwizi naye akacheka. Mwizi!

Nikasema mzee, mimi ndiye niliyekamata. Akasema wote husema hivyo. Mama akasema huyu ni jirani yangu. Akasema mama tulia, tutafika huko. Mimi niko chini, sakafu ya saruji, upepo wa ziwa wa alfajiri unaingia kwenye kanga. Mwenzangu yuko kwenye kiti kakunja nne. Kafungwa kwa kamba YANGU, kakunja nne.

Dakika ishirini. Mpaka askari walipofika ndipo akajua nani ni nani. Na hakusema samahani. Alisema, "Siku nyingine uvae." Halafu akafungua daftari akaniandikia faini elfu kumi ya kuingia doria bila tochi. Sikuwa kwenye doria!!

Ila faini nitalipa. Faini si kitu. Ni kile kiti. Nikifumba macho nakiona kinapanguswa.

Sitoki tena. Mtu apige yowe mpaka akauke, mimi naongeza sauti ya redio.

Sangara wa Jana:

Nimesoma yote. Swali moja tu mkuu. Kanga iliandikwaje?

Mtoto wa Mawe:

Haihusiani na mada.

Sangara wa Jana:

Inahusiana sana.

Bati Limebonyea:

Nilikuwepo. Iliandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Na mleta mada asiwadanganye, hakumdaka mtu. Kijana aliteleza kwenye maji ya mtaro, yeye akaja na kasi yake akashindwa breki, akamwangukia. Na choo ni changu. Bati limeingia ndani kama bakuli. Nani analipa?

Ngosha Mstaarabu:

😂😂😂 Mwenyeji amepona kweli?

Dada wa Igoma:

Mimi namtetea yule mzee. Saa tisa usiku unaletewa watu wawili, mmoja kavaa raba na mmoja kavaa kanga kifua wazi anahema. Hata mimi ningempa kiti wa raba.

Mtoto wa Mawe:

Alifungwa KAMBA dada yangu. Wa raba ndiye aliyefungwa kamba!

Kofia ya Mwaloni:

Vijana mnacheka tu. Sungusungu tuliwaona sisi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Shinyanga na Tabora, baada ya vita vya Kagera. Bunduki zilikuwa zimezagaa, ng'ombe wanatolewa zizini kama wanakwenda mnadani. Watu wakajipanga wenyewe, upinde na mishale, ntemi (mkuu) wao, katibu wao. Mwano ukipigwa kijiji hiki unapokewa na kijiji cha pili na cha tatu, mwizi anakimbia anakuta watu wanamsubiri mbele. Na asiyetoka alitengwa. Haazimwi moto, hachotewi maji. Serikalini wapo waliowatilia shaka, Mwalimu akawatetea, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Leo kimebaki koti la suti na firimbi isiyolia. Mleta mada anasema hatoki tena. Enzi zetu ungeomba moto mpaka kwa mapadri.

Mjukuu wa Bibi:

Shikamoo mzee. Historia nzuri ila umeruka ukurasa. Hao hao mahali pengine waliwageukia vikongwe wenye macho mekundu wakiwaita wachawi. Bibi yangu macho yake yaliiva kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini. Kila mwano ukipigwa, yeye alikuwa anajificha uvunguni na sisi watoto tunakaa mlangoni.

Kofia ya Mwaloni:

Marahaba mjukuu. Hilo lilikuwepo. Sibishi.

Zamu ya Jumanne:

Mleta mada umeenda kuandika maelezo kituoni? Maana nakuona upo hapa tu unalia kiti. Wewe na mama msipoandika maelezo, kesi hiyo haina miguu, wiki ijayo wa raba yupo mtaani anakusalimia. Na hilo bega, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kituoni kwanza ndiyo uende hospitali, usije ukazungushwa dirishani.

Mtoto wa Mawe:

Nani aende? Nikaambiwe tena nikae chini?

Sangara wa Jana:

Kwenye PF3 waandike: jeraha la meno begani, jeraha la kiti moyoni.

Kasia Moja (Ukerewe):

Mtungi tu ndio umefungua uzi? Sisi walitukuta katikati ya maji, usiku wa giza, taa za dagaa tumewasha tunasubiri. Mtumbwi ukaja kimya kimya, tukadhani wenzetu wanaomba chambo. Wakachukua mashine ya mtumbwi, ile ya nguvu ya farasi 15, wakachukua taa zote, betri, hata sufuria la ugali, ugali ukiwa ndani. Wakatuachia kasia moja watu sita. Tumepiga kasia kwa zamu mpaka jua limetoka. Huko hata yowe unampigia nani? Samaki? Halafu nafika mwaloni, pale tunaposhushia samaki, mwenye chombo ananiuliza "kwani ninyi mlikuwa wapi?" NILIKUWA WAPI!

Ngosha Mstaarabu:

Pole sana Kasia. Huyu wa kiti kumbe anadeka.

Mtoto wa Mawe:

Pole ndugu yangu, lakini tusichanganye mada. Wewe hukuambiwa ukae chini.

Kasia Moja (Ukerewe):

Nilikaa chini usiku kucha, kwenye maji ya mtumbwi.

Bajaji ya Buzuruga:

Samahani naingilia. Hiyo tairi iliyoletwa imeandikwa kwa chaki ya njano? Nililala Mabatini kwa shemeji, spea yangu niliiegemeza dirishani, asubuhi haipo. Aliyeibeba kwenda kuchoma mwizi ajitokeze. Yaani mtu anaiba tairi ili akamchome mwizi!

Dada wa Igoma:

Huyo naye apewe kiti.

Bati Limebonyea:

Chaki ya njano ndiyo. Sasa hivi ipo juu ya choo changu, nimeegemezea bati. Tulipane kwanza.

Zamu ya Jumanne:

Kwetu buku mbili tumechanga mwaka mzima, tukaambiwa ni za tochi. Tochi zilikuja tatu. Mbili zinatumika nyumbani kwa mweka hazina umeme ukikatika, ya tatu tunapokezana kama Kombe.

Mtoto wa Mawe:

Wakuu turudi kwenye kiti. Nasema hivi, kile kiti alikipangusa kwa MKONO WA KOTI, mimi mtu wa…

Mama wa Maandazi:

Hebu subiri baba. Hicho kiti cha bluu, mguu wa nyuma umeungwa kwa waya? Na mgongoni kina herufi M ya rangi nyeupe?

Mtoto wa Mawe:

Ndiyo mama! Umekijuaje? Niliangalia ule waya dakika ishirini, macho yangu yalikuwa usawa wake.

Mama wa Maandazi:

Ni changu! Niliazimisha viti kumi na viwili kwenye msiba, mwezi wa tatu, vikarudi tisa. Nikauliza, yule yule wa koti akanitazama usoni akaniambia, "Mama, msibani viti havihesabiwi." Kumbe kakiweka ofisini!

Dada wa Igoma:

HAVIHESABIWI?? Mama hapo umenigusa. Kwenye msiba wa baba mdogo nilitoa sufuria la pilau, lile kubwa la kupikia watu mia. Mpaka leo. Kila nikienda shughuli nachungulia jikoni kwa watu kama mpelelezi.

Ngosha Mstaarabu:

Kwetu ni turubai. Linazunguka misiba tu, halijawahi kurudi. Juzi nimelikuta kwenye sherehe ya kipaimara Pasiansi, nimekaa chini yake nimekula wali wao na nimenyamaza.

Kofia ya Mwaloni:

Mimi mwiko.

Kasia Moja (Ukerewe):

Mzee mwiko mmoja tu?

Kofia ya Mwaloni:

Ulikuwa wa mninga. Alichonga marehemu kaka yangu.

Mama wa Maandazi:

Pole baba yangu. Jamani nani anakaa karibu na ile ofisi? Vipo viwili vingine, kimoja kina ufa wa kukalia, ukikaa vibaya kinakufinya.

Bati Limebonyea:

Kinachofinya kipo kwa kinyozi hapa chini. Nilifinywa Jumamosi.

Mtoto wa Mawe:

Jamani. Uzi wangu.

Sangara wa Jana:

Mleta mada kaa chini, mikono kichwani. Dada wa Igoma, hilo sufuria lina mfuniko?

Dada wa Igoma:

Mfuniko ndio waliorudisha.