Mjadala: Tuzitie misumari baraza zetu ili vijana waondoke?

Assalaam aleykum, jamaa.

Mkutano wetu wa juzi ulivunjika kabla hatujasikilizana, kwa hivyo nauleta mjadala huu mbele ya wote. Mtaani kwetu Langoni, hapa Lamu, watu wamechoka. Kuna vijana saba au wanane wanaokaa kwenye baraza za watu, yaani vile viti vya saruji vilivyojengwa mbele ya nyumba, tangu baada ya isha mpaka karibu na alfajiri. Wanapiga muziki kwa spika, wanatafuna muguka, majani ya kuchangamsha kama miraa, na kuacha takataka mlangoni, wengine wanakojoa ukutani. Wasichana wakipita kutoka darsani wanatolewa maneno machafu. Mwezi uliopita mtungi wangu wa gesi uliondoka dakani, pale ukumbini mlangoni, na wiki ile ile jirani akaibiwa betri ya mashua.

Mapendekezo mawili yalipata watu wengi. La kwanza, kila mwenye baraza atie misumari au vipande vya chupa juu ya saruji, pasiwe na pa kukaa. La pili, iundwe doria ya vijana wenye bakora. Atakayekutwa nje baada ya saa nne usiku achapwe, na akirudia, familia yake iambiwe ihame mtaa.

Mimi nimeyapinga yote mawili. Na msidhani nimeyapinga kwa kuwa sijaguswa. Mtungi ulikuwa wangu.

Nianze na baraza. Vichochoro vyetu mnavijua: punda wawili waliobeba mawe wakikutana, mmoja hungoja. Baraza ndipo unapopandia punda apite. Ndipo mzee anapopumzika njiani kutoka msikitini, na ndipo anapopokelewa mgeni asiyefaa kuingizwa ndani kwenye wanawake. Posa ngapi zimeanzia pale, na magomvi mangapi yamezimwa pale? Mamangu haoni vizuri siku hizi. Hutembea akipapasa ukuta na kingo za baraza kutoka nyumba moja hadi nyingine. Vipande vya chupa vitamkata yeye kabla havijamkata kijana yeyote, maana kijana ana macho na ana miguu ya kuhama. Wakati wa Maulidi, wageni wakijaa mjini, tutawakalisha wapi?

Isitoshe, mji wetu wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na sura ya mbele ya nyumba zetu, baraza zikiwemo, ni sehemu ya urithi huo. Si kitu cha kubadilishwa na fundi kwa siku moja kwa sababu tumekasirika.

Na wakiondoka hapo watakwenda wapi? Watakwenda kwenye magofu na kule ufukweni kusiko na taa, na huko ndiko muuza unga, yaani heroini, anakowangoja. Barazani kwangu, chini ya dirisha langu, angalau nawajua kwa sura na kwa sauti, na najua nani ni mtoto wa nani.

Sasa bakora. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 29, inakataza mtu yeyote kupewa adhabu ya kuchapwa. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu aliyemkuta akitenda kosa kubwa kama wizi, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hakuna mahali inapompa mtaa ruhusa ya kuhukumu na kupiga. Na kijana aliyekaa tu, hajaiba wala hajatukana, kosa lake ni lipi?

Nawakumbusha mwaka 2014. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Mpeketoni, hapa hapa kaunti ya Lamu, iliwekwa amri ya kutotoka nje usiku, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku. Wavuvi wasiokuwa na hatia yoyote walikaa nyumbani na nyavu zao huku watoto wakitaka kula. Sote tulisema, kwa sauti moja, kwamba si haki kuwaadhibu watu wote kwa kosa la wengine. Wengi waliosema hivyo walikuwepo kwenye mkutano wa juzi, na juzi wakainua mikono kuunga mkono bakora.

Ninachokisema mimi ni kwamba kila kosa lina mwenyewe, na mlango wa mwenyewe tunaujua. Katika hao wanane, wengi ni wapiga kelele tu, waliomaliza shule na hawana kazi. Wawili au watatu wameshikwa na unga, na hao ndio wanaoiba. Muuzaji haketi barazani hata siku moja; yeye yuko kwake, amefunga mlango. Mkutano mzima ulichukua saa mbili na jina lake halikutajwa. Tuliwataja watoto.

Nami nakiri. Nilijua ni nani aliyechukua mtungi. Siku nne nilipita mbele ya mlango wa mamake nikitoa salamu na kwenda zangu, kwa kuona haya, na kwa hofu kidogo. Siku ya tano nikabisha hodi. Yule mama alilia kabla sijamaliza. Sufuria zake mwenyewe zimeuzwa, na mkufu wa marehemu mamake pia. Alikuwa akidhani jirani zake hawajui, kumbe sote tunajua na tumemwachia peke yake. Hakuwa amesikia kwamba kuna tiba. Nikamweleza habari ya mtoto wa kakangu, aliyehamia Malindi kwa ajili ya methadone, dawa ya kumwachisha mtu heroini, ambayo hospitali ya pale ilianza kuitoa mwaka 2015. Dawa ile hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, hupewi ukaenda nayo nyumbani hivi hivi, ndiyo maana ilibidi apangishiwe chumba kule. Alianguka mara mbili akarudi kwenye unga. Mara ya tatu alisimama, na leo anakalafati majahazi.

Mtungi sikuupata. Lakini tangu siku ile mlangoni kwangu hakijaondoka kitu.

Semeni na nyinyi.

Mwenye duka, Langoni:

Waaleykum salaam, Bi. Unazungumza vizuri, lakini wewe unalala juu na dirisha lako unaweza kulifunga. Mimi nafungua duka alfajiri, na kila siku kazi ya kwanza ni kumwaga maji kuosha mkojo wa watu. Nimekwenda kituoni mara mbili, nimeandikisha OB, lile daftari la matukio la polisi, namba ninazo, hakuna aliyekuja. Chifu aliniambia nivumilie, ni watoto wetu. Samaki mmoja akioza huoza wote. Mnataka tuvumilie mpaka lini?

Jibu langu:

Ami, sikuombi uvumilie. Mkojo mlangoni kwa mtu ni uovu na aliyefanya aoshe yeye, kwa mkono wake, mbele ya babake. Lakini mvuvi akikuta samaki mmoja ameoza hatupi tenga zima baharini. Anamtoa yule mmoja, na kumtoa lazima aingize mkono. Namba zako mbili za OB ni mali. Nipe. Nina yangu moja, na jirani wa betri anayo yake. Tukizikusanya pamoja na tarehe na majina ya walioona, tukazipeleka kwa mkubwa wa kituo watu kumi kwa pamoja, si sawa na mtu mmoja anayelalamika asubuhi. Na kelele si ya polisi peke yao. Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imeweka udhibiti wa kelele na kero za umma mikononi mwa kaunti. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Hatujawahi kuandika hata barua moja kwa kaunti. Tumekimbilia misumari kwanza.

Mmoja wa wanaokaa barazani:

Shangazi, mimi ni mmoja wao. Sijaiba kwa mtu. Nyumbani kwetu vyumba ni viwili na sisi ni watu saba, dada zangu wakubwa. Baada ya isha siwezi kukaa ndani wakitaka kujistiri, na mwanamume mtu mzima huoni haya kulala saa mbili? Uwanja wenye taa hakuna. Mgahawa unataka pesa. Tunakaa barazani kama walivyokaa babu zetu. Muziki tunaweza kuzima saa nne. Hakuna aliyekuja kutuambia kwa uzuri, tunamwagiwa maji tu kutoka juu.

Jibu langu:

Mwanangu, aliyewamwagia maji amekosea, na nitamwambia. Nyumba zenu nazijua na hilo la vyumba ni kweli. Wazazi wengi hawalisemi kwa kuona haya. Lakini umeniambia "tunaweza". Nataka unijibu kama utazima. Na kuna jambo umeliruka. Anayewatukana wasichana unamjua, anakaa mkono wako wa kulia. Ukinyamaza naye, hesabu yako na yake inakuwa moja machoni mwa watu, na hapo ndipo bakora zinapozaliwa. Babu zetu walikaa barazani, lakini binti wa mtu akipita walikuwa wakiinamisha macho.

Mama wa Malindi:

Nawasimulia yaliyotupata. Mtaani kwetu tuliunda doria. Mwezi wa kwanza tulilala usingizi mtamu. Mwezi wa tatu wanadoria wakaanza kuwatoza wenye maduka pesa za chai, asiyetoa hakulindwa. Halafu wakampiga mtu aliyekuwa akirudi kutoka zamu ya usiku hotelini, wakamvunja mkono, wakidai hawakumtambua. Doria ikafa, uadui umebaki mpaka leo. Na msitegemee marufuku za haraka. Kaunti yetu ya Kilifi ilipiga marufuku muguka Mei 2024, mahakama ikasimamisha amri ile muda si muda.

Baba wa watoto wanne, Langoni:

Bi, nakuheshimu, lakini sikubali. Binti yangu ana miaka kumi na minne. Ameacha darsa. Juzi mmoja alimshika baibui. Wewe unataka nikabishe hodi kwa wazazi, halafu wazee wa mtaa, halafu barua kaunti. Hayo ni ya miezi. Binti yangu anakosa darsa leo. Mtu anayemshika mtoto wangu nimpelekee posa au nimpelekee bakora?

Jibu langu:

Baba, hili lako limeninyima usingizi, na umenifanya nirudi nyuma kwenye sehemu moja ya maneno yangu. Kelele, takataka, mkojo, hayo yaende kwa wazazi na wazee. Kumshika msichana haliendi huko. Hilo ni la polisi siku ile ile, kwa jina la aliyeshika na la aliyeona. Kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza suluhu za kimila, ni kweli, lakini kifungu hicho hicho kinakataza suluhu inayovunja haki za mtu. Hapa kwetu nimeona mara nyingi mno wazee wakikaa, wakinywa kahawa, wakasema yamekwisha, na msichana hakuulizwa neno. Mimi sitakaa kwenye kikao cha namna hiyo, na wewe usikubali kuitwa. Bakora pia usiichukue. Ukimpiga, kesho wewe ndiye mshtakiwa na yeye ndiye aliyeonewa, na binti yako ataona babake amefungwa kwa ajili yake.

Huenda aliyemshika naye ni mtoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeweka miaka kumi na miwili kuwa umri wa mtoto kuweza kushtakiwa, na yule amekwishauvuka. Kwa mtoto kuna njia za kumrekebisha zisizokuwa za jela, lakini njia hizo huanza baada ya kosa kuandikwa. Likifichwa hazianzi.

Kituoni nitakwenda nawe, na binti tumchukulie mwanamke wa kukaa naye wakati anaeleza. Nimeshazungumza na jirani wawili. Kuanzia kesho, baada ya isha watoto wakitoka darsani, sisi watatu tutakuwa tumekaa barazani, mbili za mwanzo wa kichochoro na yangu. Tutakaa na kahawa yetu na taa ikiwaka. Mwambie binti yako apite kwetu, atatukuta.

Ami mwenye duka, niletee zile namba za OB baada ya alasiri. Daftari ninalo. Na wewe mwanangu wa barazani, sijasahau: bado sijapata jibu lako la saa nne.

Mmoja wa wanaokaa barazani:

Saa nne tutazima, shangazi. Na yule wa mkono wa kulia nitakuja mwenyewe kukueleza, si hapa.