Mafuta ya kupikia na kisukari
Muulizaji, Jinja: Wapendwa, kisukari huletwa na mafuta au sukari? Kwetu matoke hayaliwi bila mchuzi wa karanga.

Mtaalamu wa lishe, Kampala: Kipimo ndicho shida, ndugu. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Kijiko 1 kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120. Chapati ya rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) hukandwa kwa mafuta, ikakaangwa, mayai nayo vilevile! Ziada ikigeuka mafuta na kujaa kwenye ini na misuli, insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hushindwa kazi.

Muuguzi, Mbale: Aina pia ina uzito. Punguza samli na mafuta ya kuganda, tumia ya alizeti, kwa kijiko. Kumimina kutoka jerikeni hudanganya jicho. Karanga si adui.

Muulizaji: Nikiacha mafuta nikaongeza posho (ugali)?

Muuguzi: Hapo hujapunguza kitu; wanga wa posho nao una kalori.