Ushauri: nirekodi nyumbani kwa kompyuta au kwa kinasa sauti kinachojitegemea?

Mwuliza swali

Ndugu zangu, heshima kwenu. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Ninaimba na kupiga gitaa nyimbo ninazotunga mwenyewe, na mara kwa mara wenzangu watatu huja tukaimba kwa sauti nne. Kompyuta ya mkononi ninayo, ila ni ya zamani na feni yake huvuma sana ikielemewa na kazi. Nikifuata njia ya kwanza, nitanunua intafesi ya sauti (kifaa cha kuingizia sauti ya maikrofoni kwenye kompyuta) niiunganishe na kompyuta hiyo. Nikifuata ya pili, nitanunua kinasa sauti cha treki nyingi, yaani kinachoweka kila sauti kwenye njia yake, chenye mikisa (kichanganya sauti) yake humohumo. Kinachonivuta kwenye hii ya pili ni kwamba nikikaa mbele ya skrini huhangaika na mipangilio mpaka hamu ya kuimba ikaisha. Kinachonitia shaka ni uhariri. Mliotumia vyote viwili mnanishauri nini?

Jibu la kwanza

Ndugu, anza na idadi ya maikrofoni utakazorekodi kwa wakati mmoja, kwa sababu wanunuzi wengi huangalia idadi ya treki iliyoandikwa kwenye boksi wakadhani ndiyo hiyo. Tascam DP-008EX ina treki nane lakini hurekodi mbili tu kwa mkupuo, ilhali DP-24SD ina treki 24 na hurekodi nane kwa pamoja. Intafesi nazo ni hivyo hivyo: yenye matundu mawili ya kuchomekea maikrofoni haiwezi kuwatenga waimbaji wanne. Hakikisha pia kwamba matundu hayo yanatoa umeme wa volti 48 ikiwa maikrofoni zako ni za kondensa, yaani zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi.

Jibu la pili

Mimi nipo upande wa kompyuta, na sababu yangu ni uhariri huohuo unaokutia shaka. Kwenye kinasa sauti unaweza kukata, kunakili na kurudia kipande kilichoharibika, lakini yote hayo utayafanya kwenye kioo kidogo, ukizungusha kitufe mpaka ufike mahali unapopataka. Kwenye kompyuta unaliona wimbi lote la sauti: pumzi iliyoingia kabla ya ubeti wa pili unaikuza, unaichagua, unaipunguza, na usiporidhika unarudi nyuma hatua moja. Ukiwa umeimba kiitikio mara kadhaa, unachukua mstari mzuri kutoka kila rudio na kuiunga ikawa sauti moja. Kazi hiyo hufanyika vizuri kwenye programu kama Reaper au Ardour, na wenye Mac wanayo GarageBand bila malipo.

Jambo la kujihadhari nalo ni kuchelewa kwa sauti. Inapoingia kwenye kompyuta, sauti husubiri kwanza kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya muda. Ukiweka bafa ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 256 huku ukirekodi sampuli 48,000 kwa sekunde, kusubiri huko ni kama milisekunde 5.3, kisha sauti husubiri tena wakati wa kutoka, na vigeuzi (vinavyogeuza sauti kuwa tarakimu na kuirudisha) pamoja na draiva (programu inayoendesha intafesi) huongeza muda wao. Kwenye bafa ya sampuli 1,024, kuingia peke yake kunapita milisekunde 21, na mwimbaji hujisikia kwenye hedifoni kama anafuatwa na mtu anayemwigiza. Kwa hiyo tafuta intafesi yenye swichi ya kujisikiliza moja kwa moja, kabla sauti haijapita kwenye kompyuta. Ukiitumia hiyo, unaweza kuiacha bafa ikiwa kubwa, kompyuta ikapata muda wa kutosha, na hata kompyuta ya zamani itaimudu kazi. Kwenye Windows, weka draiva ya ASIO, aina inayopunguza kuchelewa huko, iliyotolewa na mtengenezaji wa intafesi yenyewe.

Jibu la tatu

Hayo ni kweli, lakini tumelipita upesi mno alilosema mwenye swali: skrini inamwondolea hamu. Kwangu hilo lina uzito kuliko bafa, kwa sababu wimbo ambao haukurekodiwa hauna cha kuhaririwa. Kinasa sauti ukikiwasha, fada (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) ziko mbele yako, kila treki na yake; unabonyeza kitufe chekundu na kuimba, bila feni wala ujumbe wa kusasisha programu.

Tena si lazima njia moja iifukuze nyingine. Vinasa vingi hukuruhusu kutoa kila treki kama faili la WAV (la sauti isiyobanwa), ukalipeleka kwenye kompyuta kwa kadi ya kumbukumbu. Treki moja ya biti 24 kwa kilohezi 48 (ndizo zile sampuli 48,000 kwa sekunde) hula megabaiti 8.6 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika nne wenye treki nane ni kama megabaiti 276 tu. Zoom R24, kwa mfano, hutumika hata kama intafesi siku utakayotaka kuiunganisha na kompyuta.

Mwuliza swali

Nimewaelewa, na ninashukuru. Sasa, tukiimba wanne kwenye chumba kimoja, je, treki nne zitanisaidia kweli kumrekebisha mmoja aliyekosea?

Jibu la kwanza

Si sana, ndugu yangu. Kila maikrofoni itanasa na sauti za wenzake, kwa hiyo ukinyoosha noti ya mmoja, ile iliyokosewa itabaki ikisikika kwenye treki za wengine. Kanuni inayofuatwa ni kwamba umbali kati ya maikrofoni mbili uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya kila maikrofoni na mdomo wa mwimbaji wake, na kwenye chumba cha nyumbani nafasi hiyo mara nyingi haipatikani. Kwa kundi lenu ningetumia maikrofoni mbili tu, wawili wawili, na anayesikika zaidi asogee nyuma kidogo. Gitaa lirekodiwe kabla, kisha mwimbe mkilisikiliza kwenye hedifoni. Kwa mpango huo matundu mawili yanakutosha, iwe ni ya intafesi au ya kinasa sauti. Na kwa kuwa umeshasema skrini inakukatisha hamu, mimi ningechukua kinasa kidogo kinachotoa WAV, kompyuta nikaiachia uhariri, ambapo mvumo wa feni hauingii kwenye rekodi.