Deni ni -0.00 halafu mfumo unagoma kumpa mama wa watu hati yake

Wakuu habari za jioni, nimekuja na hasira zangu mnivumilie. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kiliuziwa mfumo na jamaa mmoja, simtaji, hela tulimpa taslimu. Sasa leo kaja mama mmoja muuza dagaa, alikopa laki tatu akarudisha laki, laki, laki, risiti zote anazo zimefungwa na mpira, anataka hati ya kumaliza deni ili achukue kadi ya pikipiki ya mwanae tuliyoishikilia. Nabonyeza, mfumo unajibu: "Mkopo haujaisha. Salio: -0.00". Hasi sifuri! Mama ananiuliza, mwanangu hiyo hasi maana yake nawadai au mnanidai? Nikabaki natoa macho.

Nampigia jamaa, eti "aah kaka hayo mambo ya desimali tu, kompyuta zote ndo zilivyo, mwambie aongeze mia itakaa sawa". Aongeze mia!! Kwa deni gani?

Nikapekua mwenyewe. Kumbe mikopo kaitunza kwa milioni, laki tatu inakaa kama 0.3, tena kwenye floti, yaani namba za desimali ambazo kompyuta inazitunza kwa kukadiria. Nikafungua Python, lugha ya kuandikia programu, nikaandika 0.3-0.1-0.1-0.1, ikaja -2.7755575615628914e-17, yaani baada ya nukta unapita sifuri 16 ndo unakutana na 2. Na programu yake inauliza deni == 0, yaani je deni ni sawasawa kabisa na sifuri, sasa hapo sifuri itatoka wapi, na hiyo mia yake ndo ingezidi kuharibu.

Kompyuta inahesabu kwa mbilimbili, kwa hiyo nusu, robo na thumuni inazijua freshi kabisa kama bibi yangu na kibaba chake cha mchele, ila moja ya kumi haina pa kuikalisha, kwa bainari, yaani hiyo hesabu ya mbilimbili ya 0 na 1, inakuwa 0.000110011001100... inajirudia haifiki mwisho, na floti ya biti 64 (biti ni nafasi ya 0 au 1 moja) inabeba tarakimu 53 tu za namba yenyewe basi inabidi ikadirie. Hii sio siri, kiwango cha IEEE 754, kinachoelekeza kompyuta zitunze vipi floti, ni cha 1985. Na 1991 kule Dhahran, Saudia, mtambo wa Patriot ulishindwa kuzuia kombora la Scud, ulikuwa unahesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde kwenye biti 24, ulipowaka kama saa 100 hesabu ikapishana theluthi ya sekunde, wakafa askari 28 wa Marekani. Halafu mtu ananiambia mambo ya desimali tu.

Pesa si unaiweka kwa shilingi, namba nzima, au DECIMAL kwenye databesi, inayotunza desimali kamili bila kukadiria, kwani kuna ugumu gani? Tena nimechungulia jedwali la hisa nikakuta FLOAT ya biti 32, hiyo ikishavuka 16,777,216 haitofautishi tena shilingi mojamoja, na hisa zetu zinakaribia huko.

Mama anarudi kesho saa mbili asubuhi na risiti zake. Kuna mtu anajua nifute vipi hiyo -0.00 bila kumpigia tena yule jamaa?